Makarani wa Masijala ya Ardhi

Pale njia panda ya Kombani, gari la kutoka Likoni linapokata kulia kupanda Kwale, huwa ndani kuna mtu aliyekumbatia bahasha ya kaki. Anakwenda masijala ya ardhi, na kazi ya makarani wa huko naivulia kofia.

Pwani yetu, ardhi ni kidonda. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye dai alithibitishe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Serikali, na vizazi vya wenyeji vikageuka maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Kwa hiyo karatasi ikiandikwa vizuri hapa, ni jambo kubwa mno.

Shamba lililosajiliwa lina kadi yake, ile ya kijani: mmiliki, rehani, zuio, kila kitu na tarehe yake. Dalali wa Diani na aape apendavyo kwamba kiwanja ni safi. Karani huuliza nambari ya kiwanja, sachi ikafanywa, kadi ikajibu.

Wakili naye simsahau. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inataka hati ya uhamisho itiwe saini mbele ya mtu anayetambuliwa kisheria, kama wakili, naye athibitishe kwamba muuzaji ndiye mwenyewe, ameelewa, wala hakushurutishwa. Mzee asiyejua kusoma anastahili dakika hizo za kuelezwa polepole, kwa Kidigo ikibidi, kabla kidole chake hakijagusa wino.