Chongo au Kengeza? Bernard Morrison Machoni pa Mashabiki

Kwetu Gatete, Rumonge, siku ya mechi ya Simba na Yanga hujulikana tangu asubuhi. Wauza mawese hufunga biashara mapema, na wavuvi wa ndagala, ikiwa mwezi ni mpevu na ziwani hakuna kazi, hutangulia kibandani ili wapate mabenchi ya mbele. Mgeni angedhani yuko Kigoma. Hatuoni aibu kwa hilo. Wengi wetu tuliishi Tanzania kama wakimbizi, tukarudi na Kiswahili, na masufuria, na timu. Mimi nilizaliwa katika kambi ya Mtabila, Kasulu, nikaja Burundi mwaka 2012 kambi ilipofungwa, nikiwa na miaka 10. Uyanga niliurithi kwa baba, naye aliupata kwenye redio ya jirani huko kambini.

Nimeyaeleza haya mwanzoni ili msomaji ajue nimekaa benchi la upande gani, maana makala haya yanahusu pande. Nataka kuuliza mashabiki humpimaje mchezaji mwenye kipaji kikubwa ambaye huchemka upesi, na maneno wanayomtajia yanasema nini juu yao wenyewe. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya na tamthilia. Nadhani maneno ya kibandani nayo yanastahili kuhakikiwa, kwa kuwa yanasemwa na watu wengi zaidi na kwa sauti kubwa zaidi.

Mfano wangu mkuu ni Bernard Morrison, winga kutoka Ghana aliyejiunga na Yanga Januari 2020. Vituko vyake vilianza mapema. Aliwahi kuupanda mpira kwa miguu yote miwili mechi ikiendelea, akasimama juu yake kama mtu anayetazama mbali, huku beki wa timu pinzani akiwa hajui amkabili au amsubiri ashuke. Tarehe 8 Machi 2020 alipiga mpira wa adhabu nje ya boksi la Simba, ukaingia, na Yanga ikashinda 1-0 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Usiku ule kibanda chetu nusura kianguke. Mzee mmoja anayetengeneza baiskeli barabarani alisema sentensi ambayo sijaisahau: "Huyu ni kichaa, lakini ni kichaa wetu."

Miezi minne baadaye, tarehe 12 Julai, timu hizo zilikutana tena katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Simba ilishinda 4-1. Morrison alipotolewa kipindi cha pili hakwenda kukaa na wenzake benchini. Alipitiliza moja kwa moja akaondoka zake. Kisha ukaja mgogoro wa mkataba. Yanga ilisema alikuwa amesaini kuongeza miaka miwili, yeye akasema mkataba wake ulikuwa wa miezi sita na umekwisha. Agosti 2020 kamati ya TFF ilimpa haki yeye, akaenda Simba. Yanga ilikata rufaa katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, na Novemba 2021 mahakama hiyo nayo ikaamua kwa upande wake.

Sasa tusikilize maneno. Upande wetu wa kibanda, aliyekuwa "fundi" akawa "mhuni". "Mbwembwe" zikawa "dharau". Kule kuupanda mpira, ambako sisi wenyewe tulikuwa tumekuiga uwanjani hadi mtoto mmoja akateguka kifundo cha mguu, kukawa ushahidi kwamba tangu awali hakuwa mtu wa maana. Upande wa pili wa kibanda kamusi ilipinduliwa vilevile, ila kwa kuelekea kinyume. Waliokuwa wakimwita mvuta bangi tangu Machi, bila ushahidi wowote, walianza kusema kwamba mchezaji asiye na wazimu kidogo hana ladha.

Mtu atasema hapa hakuna jipya, wahenga walishamaliza: akipenda, chongo huita kengeza. Methali hii ni nzuri na nimeiweka kwenye kichwa cha makala, lakini kwangu haitoshi. Methali inamzungumzia mtu anayependa na kwa hiyo anaupunguza ukubwa wa kasoro. Haisemi lolote juu ya siku mapenzi yanapokwisha, pale jicho lilelile linaporudi kuitwa chongo, na msemaji akaapa kwamba hajawahi kuliita jina lingine. Shabiki wa kibandani ana kasi ambayo mpenzi wa kwenye methali hana. Na kuna jambo la pili: mpenzi anampenda mwenye jicho. Shabiki, nionavyo mimi, anaipenda jezi, na aliyemo ndani ya jezi ni mpangaji tu.

Ushahidi bora wa jambo hili ulitokea katika mji ule tunaouita jirani. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma. Maji ya ziwa lile ndiyo yanayooga watoto wa Rumonge. Kuna watu wa kwetu walioazima nauli ili wawepo. Mukoko Tonombe wa Yanga alipewa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na dakika za mwisho Thadeo Lwanga akafunga kwa kichwa. Simba 1, Yanga 0. Katika shangwe Morrison akavua bukta mbele ya umma, akabaki na nguo ya ndani. TFF ilimfungia mechi 3 na kumtoza faini.

Nilitegemea, kwa ujinga wangu, kwamba hapo pande zote mbili zingekubaliana. Sisi ni watu wa pwani ya ziwa, wengi ni Waislamu, na suala la sitara halina timu. Haikuwa hivyo. Wana-Simba walicheka hadi machozi wakasema "ametuvua nguo Yanga". Sisi tulilaani kama mashekhe. Nasema "sisi" kwa sababu nilikuwamo, na nililaani kwa sauti. Lakini nikijiuliza kwa haki kama ningelaani iwapo angeivua akiwa na jezi ya kijani, jibu silipendi. Mwaka mmoja baadaye nililipata bila kulitafuta. Mei 2022 Simba ilitangaza kumpa mapumziko hadi mwisho wa msimu. Julai akarudi Yanga. Tulimpokea! Hakuna aliyeitaja bukta. Yule mzee wa baiskeli alisema mtoto akinyea mkono haukatwi. Na Mei 2023, Morrison alipofunga bao la pili dhidi ya Marumo Gallants katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, nilimkumbatia mtu nisiyemjua.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kosa la mashabiki ni unafiki tu. Unafiki upo, ila naona kosa zito zaidi limejificha ndani ya neno moja dogo: "tabia". Tunasema "kipaji anacho, tatizo tabia", kisha tunatupia humo kila kitu. Hebu tuyatenganishe. Kuondoka uwanjani baada ya kutolewa ni utovu wa nidhamu. Wenzake walikuwa wamezidiwa na bado wanakimbia. Hapo alikosea, na sisi tuliompenda tulipaswa kusema hivyo siku ileile. Kuvua bukta ni jambo la adabu, akaadhibiwa kwa kanuni, likaisha. Lakini kudai kwamba mkataba wako umekwisha ni jambo tofauti kabisa. Ni mfanyakazi anayebishana na mwajiri, akaenda mbele ya wenye kuamua, akashinda mara mbili. Kwa shabiki wa Yanga, hilo la tatu ndilo lililoonekana baya kuliko yote. Ndilo lililomtia jina la msaliti. Bukta ilikuwa mapambo tu ya hasira ambayo tayari ilikuwapo.

Na hapa wanaojifanya kumtetea mchezaji wa aina hii hawana nafuu sana. Wale wanaosema "mwacheni, hiyo ndiyo burudani" hawamheshimu. Wanamtaka aendelee kuchemka kwa sababu kuchemka kwake kunawafurahisha. Eric Cantona alipompiga teke la karate shabiki wa Crystal Palace Januari 1995, akafungiwa miezi minane, mashabiki wa Manchester United waliendelea kuliimba jina lake, na mpaka leo teke lile linachapwa kwenye fulana. Sina hakika kama huko ni kumsamehe mtu au ni kumgeuza kinyago.

Mwenzangu mmoja darasani, niliposoma rasimu ya makala haya, alinipinga. Alisema mpira ni mchezo, maneno ya kibandani huishia kibandani, na mimi naligeuza tusi la mechi kuwa tasnifu. Hoja yake ina nguvu kwa Morrison. Sisi watu wa Gatete hatukuwa na tunachoweza kumpunguzia wala kumwongezea Mghana aliyekuwa akicheza Dar es Salaam. Kwa hiyo nitachukua mfano mwingine, wa mtu ambaye hana upande wa Simba wala Yanga, na ambaye tunadai ni damu yetu.

Saido Berahino alizaliwa Bujumbura mwaka 1993. Baba yake aliuawa wakati wa vita, naye akafika Uingereza akiwa na miaka 10. Septemba 2013 alifunga bao la ushindi pale West Bromwich Albion ilipoilaza Manchester United 2-1 nyumbani kwao Old Trafford. Msimu wa 2014/15 alifunga mabao 14 ya ligi, akaitwa timu ya taifa ya England ingawa hakupangwa. Kisha Septemba 2015 klabu ilikataa ofa za Tottenham, naye akaandika mtandaoni kwamba hatacheza tena chini ya mwenyekiti yule. Alirudi kucheza, lakini kitu kilikuwa kimevunjika. Akaja kufungiwa wiki nane na chama cha soka cha huko, na akakaa siku zaidi ya 900 bila kufunga bao la mashindano, hadi Agosti 2018 akiwa Stoke City.

Mwezi uliofuata alivaa jezi ya Burundi kwa mara ya kwanza, ugenini Gabon, akafunga. Kibandani kwetu jina lake lilikuwa "mtoto wa Buja". Machi 2019 tulitoka sare ya 1-1 na Gabon hiyohiyo mjini Bujumbura, Intamba mu Rugamba ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake. Watu walilala barabarani. Juni ile kule Misri tulifungwa na Nigeria, tukafungwa na Madagascar, tukafungwa na Guinea, mechi 3 bila bao hata moja. Na katika mechi ya tatu nilisikia kwa masikio yangu jina jipya: "Mwingereza". Mwingereza huyu ana kiburi. Mwingereza hajui shida zetu. Mtu aliyempoteza baba katika vita ileile iliyotupeleka sisi Mtabila, hajui shida zetu!

Nilinyamaza siku ile, na nitaeleza kwa nini. Nilipofika Gatete mwaka 2012 Kirundi changu kilikuwa kibovu. Nilipokuwa wa kwanza darasani, jirani walimwambia mama kwamba mtoto wa Gatete amewatoa kimasomaso. Nilipopigana na mvulana mmoja nyuma ya uwanja, na nikiri kwamba nilianza mimi, jirani walewale walisema, "Watanzania hawa ndivyo walivyo." Mimi niliyekuwa na hasira nilikuwa yuleyule aliyejua hesabu. Uraia wangu ndio uliokuwa ukipanda na kushuka. Kwa hiyo mwenzangu aniwie radhi, sikubali kwamba maneno ya kibandani huishia kibandani. Watu hujizoeza pale kwa wachezaji wa mbali, mkono ukishazoea hugeukia walio karibu.

Simaanishi kwamba mkorofi aachwe. Mchezaji anayewaacha wenzake katikati ya mechi aambiwe, na aliyeanza ugomvi nyuma ya uwanja achapwe, kama nilivyochapwa. Ninachokataa ni hukumu inayosubiri kwanza kujua mshitakiwa ni wa nani.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani. Jumapili moja tulitazama mechi ya vijana kwenye uwanja ulio kando ya michikichi. Kulikuwa na mvulana wa kushoto, mwembamba, mwenye mguu ambao sijauona kwetu tangu nianze kutazama mpira. Alinyimwa penalti ambayo hata mimi niliiona. Alivua jezi akaitupa miguuni pa refa, akatoka nje akilia kwa hasira. Bwana mmoja aliyekuwa amechelewa kufika, bado ameshika baiskeli yake, aliinama sikioni mwangu akauliza, "Yule ni wetu?" Alikuwa ameshafungua mdomo kusema kitu, akasubiri jibu langu.