Mwanya wa Hewa na Uaminifu wa Unukuzi: Uhakiki wa Masimulizi ya Mara Yaliyonaswa kwa Sumaku

Ni kawaida kwa tasnifu ya fasihi simulizi kutaja umri wa fanani, kijiji chake na siku ya mahojiano, kisha kudai kuwa kaseti ilinukuliwa neno kwa neno. Mashine haitajwi, kana kwamba kati ya fanani na karatasi hapakuwa na kitu. Palikuwa na hewa.

Mwaka 1951 R. L. Wallace alionyesha kwamba kichwa cha kusomea kikitengana na sumaku kwa umbali sawa na urefu wa wimbi lililorekodiwa, mawimbi hupungua kwa takriban desibeli 55. Kaseti hupita kwa sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, wimbi la hezi 5,000 huchukua mikromita 9.5 tu za utepe, na la hezi 200 huchukua 238. Vumbi likiinua utepe mikromita 2, la kwanza hupoteza zaidi ya desibeli 11, la pili chini ya nusu desibeli. Irabu husalia, vikwamizo kama s na sh hufifia.

Diski nyumbufu zina uungwana zaidi. Katika viendeshi vya kasi, kama Bernoulli Box ya Iomega ya miaka ya 1980, mzunguko huvuta hewa na kufanya utando mwembamba unaozuia diski na kichwa kusuguana. Utando ukizidi unene, data hudhoofika, lakini tarakimu za ukaguzi hufichua kosa na kompyuta hukataa kusoma. Kaseti haikatai. Huendelea kusema, na mnukuzi hujaza pengo kwa mazoea yake.

Kwa Kiswahili mazoea hayo husaidia: muktadha hutenganisha saka na shaka. Hotuba za Mwalimu Nyerere, Mzanaki wa Butiama, zina nakala nyingi za kulinganishwa. Mzee aliyesimulia kwa Kizanaki papo hapo Butiama, kwa Kiikizu huko Bunda au kwa Kikwaya huko Musoma huenda ameacha kaseti moja, na mnukuzi huenda si mzawa wa lugha hiyo. Hapo kikwamizo kilichofifia huingia kwenye maandishi kama umbo la neno, kisha mwanaisimu hulichambua kama lahaja.

Unukuzi wa aina hiyo haustahili kupitishwa bila kutaja kinasasauti kilichotumika, hali ya vichwa vyake, na alama ya shaka kwenye kila kikwamizo kisichosikika vyema.