Gia ya Spidi: Kuingia Siyo Kufaa

Nenda Gerezani, Dar es Salaam, na kikasha cha gia ya spidi kilichokufa. Muuza spea atakigeuza mara mbili, atachungulia tundu la ekseli, kisha atainama chini ya meza na kuibuka na kingine kinachofanana nacho. "Chukua hiki kaka, kinaingia." Mara nyingi husema kweli. Mimi nilinunua kimoja hivyo hivyo, nikakifunga, nikasukuma pikipiki hatua chache na mshale ukapanda vizuri. Nilikuja kugundua baadaye, nikiwa njiani kutoka Chalinze kwenda Morogoro, nilipoanza kuhesabu nguzo za kilomita kando ya barabara. Nilipita nguzo 20. Spidomita yangu ilikuwa imeandika kilomita 17.

Kikasha kile kilikuwa kizima kabisa, ila kilitoka kwenye pikipiki ya rimu ya 17, nami nilikuwa nimekifunga kwenye rimu ya 21.

Ili uelewe kilichotokea, anza kwenye uso wa spidomita yenyewe. Ndani yake kuna sumaku inayozungushwa na waya. Sumaku hiyo hukokota kikombe chembamba cha aluminiamu bila kukigusa, na kikombe kinapambana na springi nyembamba kama unywele. Mshale umepachikwa kwenye kikombe hicho. Kwa hiyo spidomita haijui lolote kuhusu barabara. Inajua tu waya umezunguka mara ngapi. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani za zamani, hesabu yake ni mizunguko 1,400 kwa kila kilomita moja. Zinazohesabu maili huwa na namba 2240 kwenye uso wake, na hesabu ni ile ile, kwa kuwa maili moja ni kama kilomita 1.6.

Kazi ya kikasha, kinachokaa kwenye ekseli kati ya habu na fok, ni kuhakikisha waya unapata mizunguko hiyo 1,400. Tairi la 2.75 kwenye rimu ya 17 lina mzingo wa karibu mita 1.80, hivyo huzunguka kama mara 556 kwa kilomita. Basi gia yake lazima iuzungushe waya mara 2.52 kila gurudumu linapozunguka mara moja. Tairi la unene huo huo kwenye rimu ya 21, kama za Honda XL125S au Yamaha DT nyingi, lina mzingo wa mita 2.11 na huzunguka mara 474 tu. Gia yake inahitaji kutoa karibu mara 2.95. Weka gia ya 17 kwenye rimu ya 21, waya utapata mizunguko 1,194 badala ya 1,400. Mshale ukisoma 50, wewe unakwenda 59, na mwenye tochi ya trafiki hatasikiliza habari za meno ya gia. Kilomita nazo hupungua kwa kiwango kile kile, kwa hiyo oili utakayodhani imekwenda 1,000 itakuwa imekwenda zaidi ya 1,170.

Ndiyo maana namba ya kwanza ya kuuliza dukani ni ya rimu, hata kabla ya jina la pikipiki. Muuzaji asipoijua, hesabu mwenyewe. Ni kazi ya dakika mbili. Chomeka kipande cha waya wa ndani kwenye kikasha, kifungie karatasi iwe kama bendera ndogo, kisha zungusha ile pete yenye masikio inayoshikwa na habu. Izungushe mara kumi kamili huku ukihesabu bendera. Ikizunguka 25 na kidogo, hiyo ni ya rimu ya 17. Ikifika 26 na kidogo, ni ya 18. Ikikaribia 30, ni ya 21. Nyumbani, chora alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, mtu akae juu ya pikipiki, isukume mpaka alama irudi chini, upime kwa futi kamba. Gawanya 1,000 kwa mita ulizopata, uzidishe kwa mizunguko ya waya kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Jibu likikaribiana na hesabu ya spidomita yako, umepata.

Baada ya hesabu ndipo macho yafanye kazi. Fungua kikasha, futa grisi yote, hata kama muuzaji ananuna, na ulipeleke jino juani. Jino zima lina kichwa bapa na pande mbili zinazolingana. Lililochoka limechongoka na kuegemea upande mmoja, na pembeni yake utaona unga mweusi umeshikana na grisi. Shika pinioni, ile ndogo inayopokea waya, uitikise. Ikicheza kushoto na kulia, bushi yake imekwisha, na pinioni itaruka meno siku ya mvua na matope. Usikubali kuuziwa pinioni peke yake iende kufanya kazi na gia ya zamani. Mwinamo wa meno hutofautiana, na mawili yasiyozoeana hulana.

Kitu ambacho mafundi wengi hawakiangalii ni sikio la nje ya kikasha, lile linaloegemea mguu wa fok. Mimi nalitazama kuliko kitu kingine. Likivunjika, au likikaa mahali tofauti na pa awali, kikasha chote kitataka kuzunguka na gurudumu, na kitaukata waya ndani ya mita chache. Nimeona vikasha ambavyo sikio limechomelewa upya. Sinunui hata nikipewa kwa bei ya soda. Pima pia unene. Kikasha ni sehemu ya nafasi kati ya habu na fok, na tofauti ya milimita mbili huhamisha gurudumu pembeni au hukaba beringi ukikaza nati. Tundu la ekseli likiwa kubwa, fundi mashine anaweza kuchonga bushi. Likiwa dogo, achana nalo.

Kikasha cha kushoto hakihamii kulia. Waya utazunguka kinyume na mshale utajikandamiza kwenye sifuri.

Waya nao una hila yake. Ncha ya ndani ikiwa ndefu kupita kiasi, nati ikikazwa inasukuma sumaku na kuua spidomita. Ikiwa fupi, inateleza. Paka grisi kuanzia chini, ila acha sentimita 15 za juu zikiwa kavu, maana grisi hupanda na kuingia kwenye spidomita.

Wenye BSA na Triumph za zamani wana hesabu nyingine. Spidomita za Smiths nyingi zimeandikwa 1600 usoni, yaani mizunguko 1,600 kwa maili, sawa na karibu 1,000 kwa kilomita. Zile za kronometriki hupima kwa mtambo wa saa, na mshale wake hupanda kwa kuruka hatua hatua. Usidhani ni ugonjwa. Ukiunga kikasha cha Kijapani cha mizunguko 1,400 na spidomita kama hiyo, utajiona unakwenda 70 ukiwa 50.

Nikikosa kikasha cha rimu yangu, nakubali cha rimu iliyozidi kwa inchi moja tu: cha 18 kwenye 17 husoma juu kwa asilimia nne, na kosa la upande huo halimuumizi mtu. Cha 17 kwenye 18 sikichukui, kwa sababu kinanificha mwendo wangu. Cha 17 kwenye 21, mrudishie mwenyewe.