Kuwasemesha Waviking: Sifa za Watafsiri wa Muvi Mpakani

Anayesimama Malaba asubuhi isiyo na ukungu huuona Mwamba wa Tororo ng'ambo ya Uganda, na karibu naye msururu wa malori kutoka Mombasa yakisubiri kuvuka. Ukishuka kusini kama kilomita 30 unafika Busia, mji wenye jina moja na serikali mbili. Mwezi Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapo Busia, na tangu wakati huo msafiri humaliza taratibu za nchi zote mbili upande ule anaoingia. Iko bidhaa ambayo haikuwahi kungoja kituo hicho wala mhuri wake: muvi iliyotafsiriwa. Kiganda cha Kampala na Kiswahili cha Nairobi chenye Sheng ndani yake hukutana hapa, kwanza katika kaseti, kisha katika DVD, siku hizi katika flashi na simu.

Upande wa Kenya mwenye kazi hiyo huitwa DJ. Upande wa Uganda huitwa VJ. Vifaa vyake ni vichache: kipaza sauti kimoja, mashine ya kuchanganyia sauti na skrini. Kazi yenyewe ni kubwa. Mtu mmoja humsemea stelingi, adui, mama mzazi na mlinzi wa lango, wote kwa koo moja. Hupunguza sauti ya muvi anapotaka kusema na kuirudisha panga linapogonga ngao, kwa sababu mtazamaji akikosa mlio ule atahisi ameibiwa. Mwigizaji wa Hollywood hutamka maneno manne akageuka akaondoka, na maana ya maneno hayo huenda ikahitaji sentensi nzima ya Kiswahili. Basi mtafsiri huanza kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Hawezi kufanya hivyo asipoitazama muvi kwanza, akajua nani atakufa na nani atamsaliti nani.

Majina ya mabingwa wa kazi hii yanajulikana mbali. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, ambaye wapenzi wa video walimjua kama Lufufu. Kenya ina DJ Afro, ambaye sauti yake imesikika katika vibanda vya video na ndani ya matatu kwa miaka mingi. Uganda ina VJ Jingo na wenzake wengi. Naye VJ Emmie ndiye aliyetia sauti katika Who Killed Captain Alex?, muvi ya mwaka 2010 ya Isaac Nabwana kutoka Wakaliga, kitongoji cha Kampala. Muvi hiyo ilipoenea kwenye intaneti, watazamaji wa Ulaya na Marekani waligundua kwamba kelele, mzaha na maonyo ya VJ ni sehemu ya muvi yenyewe.

Japani ilikuwa na watu wa namna hii. Waliitwa benshi, nao walisimama kando ya skrini enzi za filamu bubu wakieleza kila kinachoonekana. Heigo, kaka wa mwongozaji Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao. Filamu zilipoanza kusema, katika miaka ya 1930, benshi walikosa kazi. Afrika Mashariki mambo yalikwenda kinyume: sanaa hii ilistawi juu ya filamu ambazo tayari zilikuwa zinasema, ila zilisema na watu wengine.

Kipimo kizuri cha fundi wa kazi hii ni muvi za Waviking. Muvi ya karate au ya majambazi hujieleza kwa mateke na risasi. Ya Waviking huja na theluji, miungu wenye majina magumu, viapo vya ukoo, na mazishi ya maiti kuchomwa ndani ya jahazi. Mtazamaji wa Malaba hajaiona theluji hiyo. Hata hivyo aliyekulia Sio Port, kwenye Ziwa Victoria, anajua uzito wa kasia na hofu ya upepo unaogeuka. Anajua pia ugomvi wa ndugu wa baba mmoja. Hapo ndipo mtafsiri huingia: huigusia ile theluji kwa maneno machache, akatumia muda wake kwenye ugomvi.

The Vikings ya mwaka 1958, iliyoongozwa na Richard Fleischer, inampa mtafsiri nafasi hiyo tele. Kirk Douglas ni Einar, mwana wa mfalme Ragnar. Tony Curtis ni Erik, mtumwa. Wawili hao ni ndugu kwa baba, na hawajui. Mtafsiri anajua. Anaweza kuificha siri mpaka mwisho, au akaidokeza mapema ili kila pigo kati yao liwaume waliokaa kwenye mabenchi. Katika muvi hiyo Douglas anatembea mwenyewe juu ya makasia nje ya jahazi, na kwa dakika hiyo mtafsiri mwerevu hunyamaza. Isitoshe, inaanza kwa sauti ya Orson Welles akisimulia Waviking ni nani. Hata Wamarekani, wakiwa na fedha zote zile, walihitaji mtu wa kumshika mtazamaji mkono.

Baadhi ya muvi bora za Waviking huenda mbali zaidi: zina mkalimani ndani yake.

Katika Valhalla Rising ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Nicolas Winding Refn, Mads Mikkelsen anaigiza shujaa mwenye jicho moja ambaye hasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana mdogo anayefuatana naye ndiye anayewaambia wengine kile yule bwana anachokitaka, nao hawana njia ya kuhakikisha. Mtafsiri akipewa muvi kama hii hana maneno ya kufasiri. Ama aigeuze kuwa kelele tupu, ama asome uso wa mtu na kusema kidogo. Ni muvi inayotofautisha msemaji na fundi.

The Northman ya mwaka 2022 ina ugumu mwingine. Robert Eggers aliiandika pamoja na Sjón, mshairi wa Iceland, na hadithi yake inatokana na Amleth wa Saxo Grammaticus, mwandishi wa Denmark wa karne ya 12 na 13 ambaye hadithi yake hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Hamlet ya Shakespeare. Mtoto wa mfalme anashuhudia baba yake akiuawa na ami yake, anakimbia kwa mtumbwi huku akirudia nadhiri ya mambo matatu: kulipiza kisasi cha baba, kumwokoa mama, kumuua ami. Nadhiri hiyo inarudi kila mara. Mtafsiri hodari lazima atafute vifungu vitatu vifupi vya Kiswahili, avitamke vile vile kila vinaporudi, mpaka wasikilizaji wavijue na kuvisema pamoja naye. Akivibadilisha safari ya pili, muvi imevunjika mgongo.

Ofelaš, ya Nils Gaup kutoka Norway, ilitengenezwa mwaka 1987 kwa lugha ya Wasami na ikateuliwa kuwania Oscar. Haiwahusu Waviking wenyewe, ila ni jirani yao wa karibu: kundi la wavamizi linamkamata kijana na kumlazimisha awaongoze hadi kijiji wanachotaka kukiangamiza. Anayejua njia ndiye mwenye nguvu, hata akiwa mateka. Wasami wametawanywa na mipaka ya Norway, Sweden, Finland na Urusi, kama Iteso na Wasamia walivyogawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda. Mtoto wa Malaba hukua na Kiteso nyumbani, Kiswahili sokoni, Kiingereza shuleni na Kiganda redioni. Kwake kutafsiri ni kazi ya kila siku kabla hajaiona muvi hata moja.

Inayobaki ni The 13th Warrior ya John McTiernan, iliyotoka mwaka 1999 na kupata hasara kubwa sinemani. Chanzo chake cha mbali ni mtu wa kweli: Ahmad ibn Fadlan, aliyetumwa na khalifa wa Baghdad mwaka 921 kwenda kwa Wabulgari wa mto Volga. Huko aliwaona Warus, watu wenye asili ya Skandinavia, wakimchoma mkubwa wao ndani ya jahazi, na akayaandika aliyoyaona. Maneno ya Warus hao aliyapata kupitia mkalimani.

Katika muvi, Ibn Fadlan anaigizwa na Antonio Banderas. Mwanzoni mzee aliyeigizwa na Omar Sharif anamfasiria. Kisha anaachwa peke yake na mashujaa wa kaskazini wasiosema lugha yake. Usiku baada ya usiku anakaa kwenye moto wao, anatazama midomo, anasikiliza. Neno moja linamwingia, kisha mawili, kisha sentensi. Mmoja wao anapomtukana mama yake, anamjibu kwa lugha yao, na moto mzima unashangaa. Baadaye kiongozi wao, Buliwyf, anataka kujua kama anaweza kuchora sauti. Ibn Fadlan anaandika mchangani ushahidi wa imani yake, na yule Mviking anajifunza kuuchora. Hakuna muvi nyingine ya Waviking iliyoionyesha kazi ya kujifunza lugha ya mwenzako kwa subira na heshima kama hii. Kati ya zote, hii ndiyo bora.

Kazi ya watafsiri wetu ina deni lisilofichika. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwenye kazi haki ya kuidhinisha tafsiri yake, na muvi nyingi za vibandani zimetafsiriwa bila ruhusa hiyo. Dawa ya hilo ni mkataba. Wasambazaji wanaotafuta watazamaji Afrika Mashariki wawaajiri mafundi hawa, wawalipe, na waandike majina yao kwenye jalada. Serikali ya Kaunti ya Busia nayo ikusanye kaseti na DVD za zamani zilizobaki vibandani kabla hazijaoza, kwa kuwa zimebeba Kiswahili cha mpakani kama kilivyosemwa. Na mtafsiri yeyote wa Busia au Malaba anayetafuta muvi ya kupimia uwezo wake, aichukue The 13th Warrior, aanzie pale kwenye moto.