“Hakuna Mtandao”: Mtandao Upi?

Mtu wa istilahi hapati nafasi nyingi ya kuyaona maneno yake yakifanya kazi. Huketi katika kamati, hubishana juu ya kiambishi, huiandaa orodha, orodha hupitishwa, kisha maneno huenda zake kwa umma na yeye hageuki nyuma kuyatazama. Mwishoni mwa mwaka jana nililiona neno moja likiwa kazini, nyumbani kwa mama yangu mdogo huko Sakina, kando ya barabara iendayo Namanga, mjini Arusha. Kwa siku tatu neno hilo lilimpotosha mtu ambaye kwa hakika hakustahili kupotoshwa na Kiswahili.

Mama mdogo ni mwalimu mstaafu. Amefundisha Kiswahili katika shule za msingi za Arumeru kwa zaidi ya miaka thelathini. Wanawe walipomletea runinga ya kisasa, ile inayopokea picha kwa intaneti pamoja na kwa king'amuzi, jambo la kwanza alilolifanya ni kuingia katika mipangilio na kuchagua lugha ya Kiswahili. Jioni moja runinga iliacha kuonyesha vipindi vya intaneti, na katika kioo pakatokea maneno haya: “Hakuna muunganisho wa mtandao. Angalia mtandao wako kisha ujaribu tena.”

Mwalimu akatii. Alichukua simu yake, akampigia dada yake aliyeko Usa River, wakazungumza vizuri. Akafungua picha alizotumiwa na wajukuu, zikafunguka. Basi mtandao upo. Ikiwa mtandao upo, na runinga inadai kwamba haupo, runinga ndiyo mbovu. Asubuhi akaitwa fundi wa madishi, kwa kuwa ndiye fundi wa runinga anayejulikana mtaani. Fundi akapanda juu ya bati, akaligeuza dishi huku na huko, akautazama Mlima Meru, akasema mlima unazuia mtandao, akalipwa. Siku ya pili mama mdogo aligundua kwamba kifurushi cha simu yake kimekwisha upesi kuliko kawaida, akanunua kingine. Siku ya tatu nacho kikaisha.

“Mwanangu,” aliniambia nilipokwisha kumwamkia, “nyinyi mlioko huko kwenye maneno, hebu niambieni. Hapa mtandao upo au haupo?”

Kilichotokea kilikuwa kidogo sana. Mjukuu mmoja aliona kuwa wapangaji wa uani wanatumia waifai ya bibi bila ruhusa, akabadilisha nenosiri la ruta. Alilitia nenosiri jipya katika simu yake mwenyewe, hakuwaambia wengine. Runinga ikabaki inabisha hodi kwa nenosiri la zamani. Simu ya bibi nayo ilifukuzwa katika waifai, ila simu haikulalamika: ilihamia kimya kimya kwenye mtandao wa kampuni ya simu na kuanza kula kifurushi. Dawa yake ilichukua dakika mbili. Tuliingia katika mipangilio, tukachagua jina la waifai ya nyumba, tukaiamuru runinga ilisahau, tukaandika nenosiri jipya kwa kuangalia vema herufi kubwa na herufi ndogo. Picha zikarudi.

Ninaomba msomaji atazame jinsi mwalimu huyu alivyofikiri. Hakukosea hatua hata moja. Aliambiwa aangalie mtandao wake, akauangalia. Kosa lilikuwa ndani ya neno “mtandao” lenyewe, ambalo katika tukio hilo moja lilikuwa na maana tatu, na hakuna aliyemwambia kuwa ni tatu.

Maana ya kwanza ni kiungo kilicho ndani ya nyumba, kati ya runinga na ruta. Ya pili ni njia iendayo nje, kutoka ruta hadi kwa kampuni inayotoa huduma, na kutoka hapo hadi duniani, yaani intaneti. Ya tatu ni kampuni ya simu yenyewe, kwani Mtanzania akiulizwa “unatumia mtandao gani?” hutaja jina la kampuni. Runinga ilikuwa inazungumzia maana ya kwanza. Mwalimu alipima maana ya tatu. Fundi wa dishi alipanda juu ya bati kutafuta maana ya nne, ambayo haikuwapo kabisa.

Neno lenyewe si baya. Limetokana na kitenzi “tanda”, na picha yake ni nzuri: kitu kilichotandazwa, chenye nyuzi nyingi zinazokutana. Tumelipenda mno, na hilo ndilo kosa letu. Tuna mtandao wa barabara, mtandao wa wezi wa magari, mitandao ya simu, mitandao ya kijamii, biashara ya mtandaoni, hata makundi ya siasa yaliwahi kuliazima. Katika mazungumzo hilo si tatizo, kwani muktadha hufafanua. Tangazo la hitilafu halina muktadha. Ni mstari mmoja katika kioo cheusi, saa mbili usiku, taarifa ya habari ikisubiriwa.

Inaweza kusemwa kwamba runinga haijui tofauti hizo, kwa hiyo isilaumiwe. Si kweli. Chombo hiki hujua vizuri sana kilipokwama. Kikikataliwa kwa sababu ya nenosiri, kinajua kimekataliwa. Kikipokewa na ruta lakini kisipewe anwani, hujipa anwani yake chenyewe, ambayo kwa kawaida huanza na tarakimu 169.254, na mtu akifungua ukurasa wa hali ya waifai ataiona hapo. Kikiwa na anwani halali lakini ruta haipati kitu kutoka nje, aidha kwa sababu kifurushi kimekwisha au kwa sababu njia ya kampuni imekatika, hilo nalo hulijua. Kuna hata hitilafu ya nne ambayo wengi hawaidhanii: umeme ukikatika na kurudi, baadhi ya runinga hupoteza tarehe, na runinga inayodhani kuwa tuko miaka mingi nyuma hukataa kufungua programu nyingi kwa kuwa vyeti vyao vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Hapo waifai ni nzima, intaneti ni nzima, kilichoharibika ni saa. Mambo haya yote manne yanaweza kumfikia Mswahili kwa sentensi ile ile: hakuna mtandao.

Simlaumu mfasiri. Mara nyingi mfasiri wa maneno ya vyombo hivi hupewa orodha ndefu ya maneno yaliyokatwakatwa, bila kuona kioo yatakapotokea, wala kujua nani atayasoma akiwa amekasirika kiasi gani. Aliona neno la kigeni, akalitafuta katika orodha zetu, akakuta “mtandao”, akaliweka. Alifanya tulichomwambia afanye. Orodha za istilahi zimezoea kumwambia mfasiri neno gani lilingane na neno gani. Si desturi yake kumwambia mahali ambapo neno halifai kusimama peke yake.

Pendekezo langu ni kwamba katika matangazo ya hitilafu neno “mtandao” lisisimame peke yake kamwe. Kiungo cha ndani ya nyumba kiitwe waifai. Njia ya nje iitwe intaneti. Kampuni iitwe kampuni, au mtandao wa simu kwa ukamilifu wake. Tukifanya hivyo tunapata sentensi tatu: “Runinga haijaingia katika waifai ya nyumba.” “Waifai ipo, lakini intaneti haifiki.” “Intaneti ipo, lakini programu hii haijibu.” Kila moja humpeleka mtu mahali pake. Ya kwanza humpeleka kwenye nenosiri na kwenye ruta. Ya pili kwenye kifurushi na kwa kampuni. Ya tatu humwambia asubiri, au atazame saa, au aisasishe programu. Hakuna hata moja inayompandisha fundi juu ya bati.

Wapo watakaokunja uso kwa neno “waifai”, wakisema ni uvivu kulichukua la kigeni zima zima. Nawakumbusha kwamba jina Wi-Fi halina maana hata huko lilikotoka. Lilibuniwa mwaka 1999 na kampuni ya Interbrand, ambayo kazi yake ni kubuni majina ya biashara, ili lichukue nafasi ya jina la kiwango cha 802.11 ambalo hakuna mnunuzi angelikumbuka. Wanaodhani kuwa ni kifupisho chenye maana ya uaminifu usio na waya wamedanganyika, na anayetaka kuitafsiri maana hiyo anatafsiri kitu kisichokuwapo. Tulipokee jina kama tulivyozipokea redio na kompyuta, tulipe irabu zake, tuendelee na kazi. Vivyo hivyo kwa ruta. Menyu nyingi huandika “kipanga njia”. Ni tafsiri ya uaminifu, lakini katika nyumba yenye chombo kimoja na njia moja, mwenye nyumba haoni njia yoyote inayopangwa; huona kisanduku chenye taa.

Neno linalonitia wasiwasi zaidi ni “masafa”, kwa sababu hili tumelirithi kwa wakubwa zetu na si rahisi kuligusa. Runinga humtaka mtu achague masafa ya gigahezi 2.4 au masafa ya gigahezi 5. Fundi mwangalifu atamweleza mteja kwamba bendi ya 5 ni ya kasi lakini haipenyi kuta vizuri na haifiki mbali, na ile ya 2.4 ni ya polepole lakini hufika. Sasa alieleze jambo hilo kwa istilahi yetu: masafa ya 5 hayafiki masafa marefu. Mteja atamtazama tu. Neno lile lile ni umbali, na neno lile lile ni idadi ya mitetemo kwa sekunde.

Mchanganyiko huo una historia. Wazee wa Meru waliosikiliza redio enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam watakumbuka “masafa mafupi” na “masafa ya kati”. Masafa mafupi ndiyo yaliyofika mbali kuliko yote. Kwa hayo matangazo ya nje ya Radio Tanzania yaliwafikia wapigania uhuru kusini mwa Afrika, na kwa hayo mchunga ng'ombe wa Oldonyo Sambu aliweza kuisikia London. Kilichokuwa kifupi ni urefu wa wimbi, ambalo hupanda hadi tabaka la juu la angahewa na kurudishwa chini mbali sana. Laiti tungesema “mawimbi mafupi” tangu mwanzo. Hatukusema, na redio hazikupata hasara kwa kuwa msikilizaji alizungusha kifundo mpaka sauti ikaja. Runinga ya leo haina kifundo cha kuzungusha. Mtu huchagua kwa kusoma, na asipoelewa anachokisoma huchagua vibaya. Napendekeza “bendi” kwa ajili ya uchaguzi huu wa waifai, na “masafa” tuyaachie umbali.

Fujo imezidi tangu mwaka 2022, kizazi cha tano cha simu kilipoanza kuingia nchini. Ruta nyingi huongeza “5G” mwishoni mwa jina la waifai, zikimaanisha gigahezi 5, na watu huamini kwamba ndiyo ile 5G inayotangazwa na makampuni ya simu. Nimemsikia kijana wa Kijenge akilalamika kuwa amelipia 5G na runinga yake haiioni. Runinga yake, kama runinga nyingi za bei nafuu, ina kipokezi cha bendi ya 2.4 peke yake. Simu aliyoitumia kugawa intaneti ilikuwa imewekwa katika bendi ya 5. Angeibadilisha simu, runinga ingeliona jina lake mara moja.

Na tuusafishe jina Mlima Meru. Mlima huo una mita 4,562, na pengine uliwahi kuziba picha za antena kwa walio nyuma yake. Waifai ya nyumba husafiri makumi ya mita. Kinachoizuia ni ukuta wa bloku, nondo, tangi la maji, kioo kikubwa cha kabati, na tabia yetu ya kuificha ruta nyuma ya runinga ili sebule ipendeze.

Si kila kitu kimeharibika. “Sasisha” ni tunda zuri la neno “sasa”, nalo limekubalika bila kusukumwa. “King'amuzi” ni bora zaidi. Mitambo ya analojia ilipozimwa Arusha mwaka 2013, watu walipewa kisanduku kigeni na jina linaloeleza kazi yake kwa kitenzi wanachokijua, kung'amua, na kwa muda mfupi kila duka la vifaa vya umeme mjini likawa linalitumia. “Nenosiri” nalo lingefika huko lau “nywila” isingelifuata nyuma, hata leo mtu anaweza kukutana na yote mawili kabla ya kupata kifungua kinywa. Kamati ichague moja. Kwangu mimi ni nenosiri, kwa sababu linajieleza.

Nilipokuwa ninaondoka Sakina, mama mdogo alimwita mjukuu, akamwagiza aiweke runinga katika Kiingereza. Nilimsihi asifanye hivyo. Alinijibu kwa upole kwamba Kiingereza nacho hakielewi sana, lakini angalau akiwa katika Kiingereza anajua kuwa haelewi. Mjukuu alibonyeza rimoti mara tano, na ikawa. Mpaka ninapoandika makala hii runinga ya mwalimu wa Kiswahili imo katika Kiingereza, na orodha ya matangazo ya hitilafu niliyoipeleka kwa wenzangu ina maneno kumi na tisa. Mafundi wa simu na runinga wa Arusha, Moshi na kwingineko wanaombwa watuletee maneno wanayoyatumia wao wanapomweleza mteja mahali hitilafu ilipo, hata kama wanadhani kuwa hayafai kuandikwa.