Sifa za Nje na Ukoo wa Mimea: Uhakiki wa Uainishaji wa Jenasi ya Jasminum kwa Kurejelea Milima ya Uluguru

Uainishaji wa Jasminum umeegemea jani kwa muda mrefu. Katika juzuu ya Prodromus ya mwaka 1844, de Candolle aliigawa jenasi hii kwa kuangalia iwapo jani lina kijani kimoja, vitatu au vingi, na iwapo majani yamepangika kwa kupishana. Mgawanyo huo una manufaa: mtafiti aliye msituni anaweza kuutumia kwa macho na lenzi ya mkononi, hata pasipo maua.

Hata hivyo, urahisi wa kutambua si ushahidi wa ukoo. Uchunguzi wa vinasaba wa spishi za India (Jeyarani na wenzake, 2018) ulionesha kwamba idadi ya vijani haitenganishi matawi halisi ya ukoo. Kundi la majani yanayopishana na maua ya njano ndilo lililosimama imara. Banfi (2014) alikuwa amekwisha kulitenga kama Chrysojasminum.

Udhaifu wa pili ni kuchukulia athari za mazingira kama tofauti za spishi. Jasminum mauritianum ilihesabiwa kuwa spishi kamili hadi Turrill (1952) alipoiweka chini ya J. fluminense. Jina hili la pili lenyewe ni onyo: Vellozo aliupa mmea huu jina la Rio de Janeiro, ilhali asili yake ni Afrika.

Uluguru inalikuza tatizo hili. Miteremko ya mashariki hupokea mvua nyingi kutoka Bahari ya Hindi, na ya magharibi ni mikavu zaidi. Ukubwa wa jani na wingi wa vinyweleo vikilinganishwa kwa vielelezo vya mteremko mmoja tu, mpaka utakaochorwa huenda ukawa wa mvua, si wa spishi.

Majina ya Kiswahili nayo yana mantiki yake. Asumini hupandwa na kutiwa katika vikuba; afu ni ya porini. Tofauti hiyo ya matumizi humwongoza mkusanyaji, lakini haithibitishi mipaka ya kibotania.

Kwa hiyo, sifa za nje zibaki msingi wa ufunguo wa utambuzi, zikipimwa katika miteremko yote miwili. Rangi ya machumba irekodiwe kabla ya kukausha kielelezo, kwani wekundu unaosaidia kuitambua J. abyssinicum hufifia. Madai ya ukoo yasubiri ushahidi wa vinasaba.