Jinsi Morogoro Ilivyoijenga Wikiendi ya Dansi

Miaka ya 1960, mpenzi wa dansi wa Dar es Salaam alikuwa na sababu ya kufunga safari Jumamosi. Alielekea magharibi, kilomita 190 hivi, mpaka Morogoro, mji uliokaa chini ya safu ya Uluguru huku kilele cha Lupanga kikiutazama kutoka juu. Usiku ulipoingia alikuwa na uamuzi mmoja tu wa kufanya: aende kwa Morogoro Jazz au kwa Cuban Marimba. Mji wa mkonge, reli na mboga za Mgeta ulikuwa ukiwavuta wakazi wa mji mkuu, badala ya mji mkuu kuwavuta watu wa Morogoro.

Mara nyingi jambo hili huelezwa kwa neno moja: kipaji. Ni kweli, Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe walikuwa na vipaji ambavyo havizaliwi kila mwaka. Lakini kipaji peke yake hujaza ukumbi usiku mmoja. Kuujaza wiki hadi wiki, mwaka hadi mwaka, kunahitaji mpango. Ukizichambua zile wikiendi za Morogoro, unakuta kazi ya ufundi: namna wapinzani walivyopangwa wawili wawili, namna wimbo ulivyojengwa kwa ajili ya ukumbi, na namna fedha na safari zilivyoendeshwa.

Tuanze na upinzani. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Miaka minne baadaye Salum Abdallah, kijana mwenye baba Mwarabu na mama Mluguru, akaanzisha kundi lake la La Paloma, ambalo baadaye lilijulikana kama Cuban Marimba. Hapo Morogoro ikawa imepata kile ambacho pwani ilikijua siku nyingi. Wachezaji wa ngoma ya beni waligawanyika kati ya Marini na Arinoti. Zanzibar nayo baadaye ikawa na vikundi viwili vya taarabu, Akhwani Safaa ya mwaka 1905 na Culture ya mwaka 1958. Dar es Salaam, wapenzi wa taarabu walikuwa na Al-Watan na Egyptian. Kundi moja hupata wasikilizaji. Makundi mawili hupata mashabiki, na shabiki ndiye anayerudi wiki inayofuata, kwa sababu kukaa nyumbani ni kuwaachia wenzake ushindi.

Faida ya pili ya ushindani huo ilikuwa ya kimuziki. Bendi mbili zinazopiga katika mji mmoja haziwezi kufanana, maana ya pili itaonekana mwigaji. Salum Abdallah aliichagua Cuba. Tangu mwaka 1933 kampuni ya HMV ilikuwa ikitoa santuri za mfululizo wa GV, zenye son na rumba za Cuba, na santuri hizo zilienea Afrika nzima. Salum alizipenda kiasi kwamba ujanani alitoroka nyumbani akitaka kufika Cuba kwenyewe, safari iliyoishia Mombasa. Alichokikosa kwa meli alikitengeneza Morogoro: cha-cha-cha, bolero na rumba zenye maneno ya Kiswahili fasaha na sauti za kuitikiana. Morogoro Jazz, hasa baada ya Mbaraka kujiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, ilikwenda njia nyingine, njia ya gitaa.

Tofauti hizo zilihitaji jina, na dansi la Tanzania lilipata njia yake ya kuzitaja: mtindo. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz na Segere Matata, na Mbaraka alipoanzisha bendi yake ya Super Volcano mwaka 1973 alikuja na Masika. Mtindo ulimwambia mchezaji mwendo wa miguu atakaoukuta ukumbini, ukampa shabiki kitu cha kujitambulisha nacho, na ukafungua mlango wa mapigo ya ngoma za asili kuingia kwenye vyombo vya umeme. Sikinde ya Mlimani Park, kwa mfano, imetokana na ngoma ya Wazaramo.

Sasa tuutazame wimbo wenyewe. Wimbo wa dansi wa zama zile una sehemu mbili zenye kazi mbili tofauti. Sehemu ya kwanza ni ya kusikiliza. Mwendo ni wa taratibu, mwimbaji anatoa kisa chake ubeti kwa ubeti, waitikiaji wawili au watatu wanamjibu kwa sauti zilizopangwa, na kati ya beti gitaa au saksafoni inapewa nafasi fupi ya kupumzisha sauti. Wenye wapenzi wanacheza pole pole, wengine wamekaa na vinywaji vyao, lakini masikio yote yako kwenye maneno. Kisha linakuja chemko. Maneno yanapungua na kubaki kiitikio kifupi, magitaa yanachukua usukani, na waliokuwa wamekaa wananyanyuka. Kwa mpangilio huo wimbo mmoja unamhudumia mzee anayetafuta mawaidha na kijana anayetaka kutoka jasho, ndani ya ukumbi uleule, kwa kiingilio kilekile.

Ufundi mkubwa zaidi umo katika namna magitaa yanavyogawana kazi. Sikiliza chemko lolote zuri la dansi la miaka ya 1970, uanzie chini. Besi halipigi mfululizo. Linatupa sauti mbili tatu, linaacha pengo, halafu linarudi, na lile pengo ndilo linalomvuta mchezaji. Juu yake gitaa la rithim linaichambua kodi, yaani sauti kadhaa zinazokwenda pamoja, waya kwa waya, badala ya kuikwangua yote kwa pamoja, hivyo linashika mwendo bila kuzijaza nafasi zote. Gitaa la pili la solo linashika kifungu kifupi na kukirudia bila kuchoka, likiingia pale rithim inapotoka. Tumba linafunga hayo yote pamoja. Ndipo solo anapopata uwanja wa kutembea, kwa sababu wenzake wote wameshamtengenezea njia. Mbaraka alikuwa solo, mtunzi na mwimbaji kwa wakati mmoja, na hilo linaeleza kwa nini gitaa lake linasikika kama linaendeleza maneno yaliyoishia mdomoni mwake. Nyuma yake walikuwepo wapulizaji kama Kulwa Salum, ambao saksafoni zao ziliipa bendi uzito ambao magitaa matupu yasingeweza kuutoa.

Kupiga hivyo hakujifunzwi kwa siku moja. Mpiga rithim asipomjua vizuri mwenzake wa besi, yale mapengo yanajazwa na wote wawili na wimbo unakufa. Bendi zilikuwa za kudumu, zenye mazoezi ya katikati ya wiki na dansi mwishoni mwa wiki, kwa hiyo wimbo mpya ulipimwa mbele ya watu kabla haujafika studio. Na studio yenyewe ilidai utayari. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa redio pekee ya Tanzania Bara, ilirekodi bendi nzima kwa pamoja. Mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Rekodi za aina hiyo tunazozisikia leo katika vipindi vya zilipendwa ni maonyesho ya jukwaani yaliyofanyika mbele ya maikrofoni.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wa muziki hulipita haraka: dansi hili lilikuwa pia maigizo. Wimbo ulikuwa na wahusika, ulikuwa na mgogoro, na mara nyingi ulikuwa na mazungumzo, mmoja analalamika na mwingine anamjibu. Ulibeba pia habari nzito za nchi. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, alipouawa tarehe 25 Desemba 1971, Morogoro Jazz walimwimbia wimbo wa maombolezo, na ukumbi wa starehe ukawa mahali pa kuomboleza pamoja.

Si ajabu kwamba Mkoa wa Morogoro umetoa majina mawili makubwa ya tamthiliya ya Kiswahili. Amandina Lihamba alizaliwa Morogoro mwaka 1944. Penina Muhando alizaliwa Berega, wilayani Kilosa, mwaka 1948. Katika kazi zao, kama Lina Ubani ya Muhando ya mwaka 1984 na Harakati za Ukombozi waliyoiandika pamoja na Ndyanao Balisidya, jukwaa halimwachi mtazamaji akae kimya gizani. Kuna usimulizi wa hadithi, kuna wimbo, kuna ngoma, na hadhira inaalikwa kushiriki. Ni ujuzi uleule unaomfanya mwimbaji wa dansi aanze ubeti akijua ukumbi utaumalizia.

Vikundi vya utamaduni viliuchukua ujuzi huo na kuupanga katika onyesho moja refu. Muungano, kilichoanzishwa mwaka 1980 chini ya Norbert Chenga, na Tanzania One Theatre (TOT) ya Kapteni John Komba, iliyoanzishwa mwaka 1992, viliweka ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarabu katika usiku mmoja. Tena vikaja viwili viwili: Muungano dhidi ya TOT, kwa mipasho iliyowagawa mashabiki kama ilivyokuwa kwa Morogoro Jazz na Cuban Marimba miaka thelathini kabla. Mpangilio wa vipande ulikuwa na hesabu yake. Ngoma hukusanya watu na kuwaamsha, igizo huwatuliza na kuwashika, na taarabu huachwa mwishoni kwa sababu ndiyo inayowatoa watu vitini na kuwatoa fedha za kutunza.

Kuhusu fedha, Morogoro ilikuwa na bahati ya jiografia, na wenyewe waliitumia. Reli ya Kati ilifika mjini mwaka 1907. Kuzunguka mji kulikuwa na mashamba ya mkonge, na mkoani kulikuwa na viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa. Wafanyakazi wa huko ni watu wenye mshahara unaokuja kwa tarehe inayojulikana, na bendi yenye akili huijua tarehe hiyo. Njia zinazotoka Morogoro kwenda Dodoma, Iringa na Dar es Salaam ziliifanya iwe kituo kizuri cha kuanzia ziara. Safari hizo zilifika mbali: mwaka 1970 Morogoro Jazz iliiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Expo, Osaka, Japani.

Udhaifu wa mpango huu ulikuwa katika mambo mawili. La kwanza ni santuri. Zilitengenezewa Kenya, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, bendi za Tanzania zilijikuta mbali na viwanda vilivyokuwa vikizalisha kazi zao. La pili ni barabara. Bendi iliyoishi kwa ziara ilikuwa rehani kwa ajali. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Cuban Marimba iliendelea chini ya Juma Kilaza, kwa sababu ilikuwa na umbo linaloweza kurithiwa. Super Volcano, iliyosimama juu ya mtu mmoja aliyekuwa solo, mtunzi na sauti, haikuwa na nafasi hiyo.

Morogoro haijakauka vipaji. Afande Sele, Belle 9 na Stamina wametoka huko, na mashairi yao yana wasikilizaji nchi nzima. Kilichobadilika ni namna ya kutengeneza kazi. Wimbo sasa hujengwa studioni, kipande juu ya kipande, na jukwaani msanii huimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Gharama inashuka, safari inakuwa ya watu wawili watatu badala ya kumi na zaidi. Lakini ule ujuzi wa kuacha pengo ili mwenzako aingie haupati mahali pa kukulia, na wimbo hauwezi kurefushwa kwa sababu tu ukumbi umepamba moto. Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2004, imeshikilia sharti la muziki wa kupigwa papo hapo, na imethibitisha kwamba watu husafiri kwa ajili ya muziki wa namna hiyo.

Usafiri wenyewe umerahisika. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme inawabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na safari iliyokuwa ya nusu siku sasa inamalizika kwa muda wa chini ya saa mbili. Halmashauri, vyuo vya Sokoine na Mzumbe, wenye kumbi na wenye hoteli wana msikilizaji anayeweza kuwafikia jioni ya Ijumaa bila taabu. Kinachotakiwa ni kununua vyombo, kulipia mazoezi ya katikati ya wiki, kuwapa vijana wa maigizo nusu saa ya kwanza ya jukwaa, na kuanzisha bendi mbili kwa mpigo, kila moja na mtindo wake na ukumbi wake, kabla ya kuuza tiketi ya kwanza.